Manyoya Yasiyotulia: Ubishi Wetu Juu ya Vikaragosi vya Wes Anderson

Mtazame Mr. Fox, yule mbweha wa filamu ya vikaragosi, akiwa amesimama tu anaongea. Acha mdomo, acha maneno. Weka macho kwenye manyoya ya mashavu na shingo, pale juu ya kola. Yanachemka. Hakuna upepo, kichwa hakijageuka, koti halijasogea, lakini manyoya yanalala huku, yanainuka kule, kama shamba la mpunga linalopitiwa na kitu usichokiona. Mtu mmoja akiona hivyo anasema kazi mbovu hii, hawakuwa na hela ya kompyuta. Mwingine anasema filamu yenyewe iko hapo hapo. Ubishi juu ya filamu mbili za vikaragosi za mwongozaji Wes Anderson, Fantastic Mr. Fox ya 2009 na Isle of Dogs ya 2018, umetanuka sana, mara Roald Dahl aliyeandika kitabu cha mbweha, mara Japani, ila ukiumenya mpaka ndani unarudi kwenye hayo manyoya.

Kinachotokea ni hiki. Stopumosheni hupigwa picha moja moja. Mhuishaji anasogeza kikaragosi kidogo, anatoa mkono, anapiga picha, anarudi tena. Ili ageuze shingo sharti aishike, na akiishika vidole vinalaza manyoya upande fulani. Akiishika tena kwa picha inayofuata, vinayalaza upande mwingine. Picha zikikimbizwa, yale malalo tofauti ndiyo hiyo chemka. Studio nyingi zinaikimbia: zinatumia manyoya bandia mafupi, au zinayapaka jeli yakakamae, au zinachonga nywele kwenye silikoni yenyewe zisiwe na pa kwenda. Anderson alitaka manyoya halisi, na alitaka yaachwe yafanye yatakavyo. Mfano wake ulikuwa King Kong wa 1933. Kikaragosi kile kilivikwa ngozi ya sungura, na ukitazama kifua chake unaona vidole vya mafundi wa Willis O'Brien, bingwa wa vikaragosi vya filamu hiyo, vimepita hapo, fremu baada ya fremu. Husimuliwa kwamba wakubwa wa studio walipoyaona manyoya yakisimama walifurahi, wakadhani fundi amefanya makusudi kuonyesha sokwe kakasirika. Mfano wa pili ni wa mbweha kabisa: Le Roman de Renard ya Ladislas Starevich, iliyotoka 1937, ambamo wanyama wenye ngozi na nguo wanakula njama katika ufalme wa simba.

Kabla hujaamua uko upande gani, fanya jaribio. Jioni moja inatosha. Chukua dubu wa mtoto mwenye manyoya ya sentimita moja au zaidi. Dubu mtupu atakusumbua kwa sababu sponji ya ndani inarudi ilikotoka ukimwachia, kwa hiyo fumua mshono wa mgongoni upitishe waya. Tumia aluminiamu ya milimita 2 au 3, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Waya wa shaba kutoka kwenye kebo za umeme unakuwa mgumu kila unapoukunja, na mara ya ishirini hivi unakatika, kwa kawaida shingoni, kwa kawaida katikati ya shoti. Waya wa kufungia nondo ni laini lakini nao haudumu. Miguu ibanwe: vikaragosi vya studio vina nati kwenye nyayo, na sakafu ya seti ina matundu, parafujo inaingia kutoka chini ya meza. Nyumbani, pini ndefu kwenye ubao wa styrofoam zinatosha.

Simu uifunge imara. Ukiishika mkononi umeshapoteza. Kwenye programu ya kupigia picha, funga vitu vitatu visijirekebishe vyenyewe: fokasi, mwanga na rangi. Usipofunga, kila mkono wako ukiingia na kutoka simu itahesabu mwanga upya, na filamu itakuwa inapepesa kama taa yenye betri kuukuu. Piga usiku, pazia limefungwa, taa moja. Jua linasogea hata kama hulioni. Vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe linarudisha mwanga kwenye kikaragosi na wewe husimami mahali pamoja kila mara. Piga kwa kitufe cha earphone usiguse simu.

Sasa geuza kichwa cha dubu kidogo kidogo, picha 24, ukikishika kama kawaida. Zicheze picha 12 kwa sekunde: utapata sekunde mbili. Kisha mpake jeli ya nywele, achana naye akauke, urudie zile zile 24. Weka za kwanza na za pili pamoja. Dubu wa jeli ni safi, anageuka vizuri, na ni mdoli. Yule wa kwanza ana fujo, na ni rahisi sana kumdhania anapumua.

Sisemi jaribio hilo linamaliza ubishi. Kuna watu wenye jicho linalochoka na chemka, na hao hawakosei. Jicho limeumbwa lifuate kitu kinachosogea, na hapa kinachosogea si kile mwigizaji anachofanya. Kwenye shoti ya karibu ya mazungumzo, manyoya yanashindana na macho ya kikaragosi. Hilo ni dai la haki, na ningelipokea kuliko lile la hela.

Dai la hela linatoka zaidi kwenye jambo jingine, mwendo wa kukatika-katika. Sinema inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Ukimsogeza mhusika kila fremu unahitaji pozi 24, huko ndiko kwenda kwa mojamoja. Ukiacha kila pozi ikae fremu mbili unahitaji 12, kwa mbilimbili. Fantastic Mr. Fox ina dakika 87, yaani sekunde 5,220. Kwa mbilimbili tupu hizo ni pozi 62,640, ukihesabu na majina ya mwisho. Isle of Dogs ina dakika 101, pozi 72,720. Kwa mojamoja zidisha mara mbili. Kwa hesabu hiyo ni kweli mbilimbili inaokoa kazi, ila Anderson hakuichagua kwa sababu ya kuokoa. Filamu ya mbweha iligharimu takriban dola milioni 40, ikaingiza milioni 46 na kidogo duniani kote. Hela ilikuwapo, na haikurudi ya kutosha.

Mwaka huo huo wa 2009 ilitoka Coraline ya Henry Selick, kutoka studio ya Laika kule Oregon. Selick ndiye aliyemtengenezea Anderson viumbe wa baharini katika The Life Aquatic with Steve Zissou ya 2004, na mwanzoni alikuwa afanye naye kazi ya mbweha kabla ya kuondoka kwenda kwenye Coraline. Kwa hiyo tulipewa zote mbili mwaka mmoja, kana kwamba mtu katuandalia mtihani. Coraline ni laini, nyuso zake zilitolewa kwenye printa za 3D kwa maelfu, mdomo unateleza kutoka herufi hadi herufi. Mr. Fox anaruka kutoka pozi hadi pozi. Zote mbili ziliteuliwa kwa Oscar ya filamu ya katuni, zote mbili zikapigwa na Up ya Pixar.

Wanaopenda Laika wanasema stopumosheni inakua inapokaribia maisha. Nami nawauliza: ikishafika, kwa nini isifanywe na kompyuta tu? Kikaragosi hakina ukungu wa mwendo. Mwigizaji wa damu na nyama akipunga mkono mbele ya kamera, mkono unaacha mchirizi kwenye kila fremu, na mchirizi huo ndio unaoziunganisha fremu machoni mwetu. Kikaragosi kimesimama tuli kila kinapopigwa, kwa hiyo kila fremu ni kali kama wembe. Fundi wa stopumosheni Phil Tippett na wenzake walijaribu kulitibu hilo kwa mashine za kutikisa kikaragosi wakati tundu la kamera liko wazi, kama katika Dragonslayer ya 1981. Njia ya pili ni kuufanya ukali uwe lugha. Mr. Fox anapochimba, pozi ni chache na zimetanuka, makucha juu, makucha chini, udongo hewani, imeisha. Mwili umekuwa alama, kama kwenye katuni za gazeti. Ukizijaza katikati pozi nyingine sita unaua utani.

Mbilimbili ina mahali inapouma kweli, na wapenzi wa Anderson hawapendi kupasema: kamera ikisafiri. Naye kamera yake inapenda kusafiri pembeni, ikimfuata mtu kupita vyumba vinne bila kukata. Kamera ikienda kwa mbilimbili, ukuta wa nyuma unaonekana mara mbili mbili, nguzo na fremu za milango zinagawanyika. Ikienda kwa mojamoja huku mhusika yuko kwenye mbilimbili, ukuta unateleza vizuri lakini mhusika anatetemeka palepale alipo, kwa sababu kila fremu ya pili kamera imesogea naye hajasogea. Dawa ni kumpeleka na yeye kwa mojamoja mpaka kamera itulie, na hapo kazi inakuwa mara mbili kwa shoti hiyo. Ukiona mtu analalamika macho yanauma, mara nyingi shoti aliyoiona ni ya kamera inayotembea.

Lenzi nayo ina maneno yake. Picha za Anderson ni bapa, kila kitu kimenyooka na kila kitu kinaonekana, kutoka kikombe kilicho mbele hadi saa ya ukutani. Kwa watu wa kawaida hilo si tabu. Kwa kikaragosi cha sentimita 30 ni tabu tupu, kwa sababu kamera iko karibu sana, na kadiri unavyokaribia ndivyo eneo lililo kwenye fokasi linavyokuwa jembamba. Pua iko wazi, masikio ukungu. Inabidi ubane tundu la lenzi mpaka f/16 au f/22, yaani liwe dogo sana, na ukibana hivyo mwanga hautoshi, kwa hiyo picha moja inaachwa wazi nusu sekunde, sekunde, zaidi. Uzuri ni kwamba kikaragosi hakina haraka. Ubaya ni kwamba kwenye f/22 kila chembe ya vumbi iliyokaa kwenye sensa inajitokeza kama doa, na doa hilo linakaa palepale kwa shoti nzima.

Kuna kingine kinachowatoa watu jasho. Filamu ya mbweha ilipigwa kwa kamera za picha za Nikon D3, na lenzi za kisasa za kamera kama hizo hufungua tundu na kulibana upya kwa kila picha. Halirudi pale pale. Tofauti ni ndogo mno kwa picha moja ya harusi. Kwa picha 12 za sekunde moja unapata kupepesa. Ndiyo maana watu wa stopumosheni wanatafuta lenzi za zamani zenye pete ya kuzungusha kwa mkono. Aliye na lenzi mpya peke yake, kwenye kamera ya Canon, anaweka tundu analotaka, anabonyeza kitufe cha kulishikilia, kisha anaizungusha lenzi kidogo kama anayetaka kuitoa ili miguso ya umeme iachane na kamera. Tundu linabaki lilipo. Kumbuka umefanya hivyo, ukiisukuma kamera lenzi inadondoka.

Kwenye filamu zote mbili, moshi ni pamba. Mbwa wakipigana katika Isle of Dogs wanageuka bonge la pamba lenye mguu huku na mkia kule. Mto ni nailoni ya kufungia chakula iliyotandazwa na kumulikwa. Wapo wanaoona utoto huo. Lakini moshi wa kweli hausubiri mhuishaji atoe mkono, na maji ya kweli hayapungui ukubwa: tone la maji ni lile lile mbele ya mbwa wa kweli na mbele ya mbwa wa sentimita 20, na ukiliona tu unajua seti ni ndogo. Njia ilikuwa mbili, kuongeza maji ya kompyuta baadaye au kukubali pamba. Pamba angalau inakaa na manyoya nyumba moja.

Sasa lile neno linalorudiwa kila mahali, na wanaolirudia wako pande zote mbili: kwamba Anderson amefika nyumbani kwenye vikaragosi kwa sababu hata waigizaji wake wa kawaida ni vikaragosi. Wanaompenda wanasema kwa kusifu, wanaomchukia wanasema kwa kuponda. Naona wote wanakosea. Katika filamu zake za watu, Anderson anapanga kila kitu, mkono uko hapa, macho yako pale, ukuta pinki, na waigizaji wanatii. Kikaragosi cha manyoya hakitii. Kila mguso unaacha alama ambayo mwongozaji hakuiagiza na hawezi kuirudia. Ndani ya fremu iliyopigwa rula, kitu pekee kinachofanya kitakavyo ni ngozi ya mnyama. Na filamu ya mbweha inahusu hicho hicho: mwizi wa kuku aliyeacha wizi, akanunua suti, akaandika safu gazetini, na bado ni mnyama wa porini. Mtazame kwenye meza ya kifungua kinywa. Amekaa wima, gazeti mkononi, sauti ya George Clooney imetulia kama ya mwanasheria. Sahani inawekwa mbele yake. Anaishambulia, makombo yanaruka, anaunguruma, sekunde mbili tatu, halafu amekaa tena wima kama hakuna kilichotokea. Suti imetulia. Manyoya hayakutulia tangu mwanzo.

Hata sauti zilipewa nafasi ya kuponyoka. Sehemu kubwa haikurekodiwa kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Waigizaji walipelekwa shambani Connecticut, wakachimba, wakakimbia, wakahema huko nje, na maikrofoni ikiwafuata.

Yeye mwenyewe sehemu kubwa ya upigaji hakuwepo. Kazi ilifanyika 3 Mills Studios, mashariki mwa London, naye akaongoza kutoka Paris kwa barua pepe, akituma video zake mwenyewe akiigiza vipande ili wahuishaji wavifuate. Mwezi Oktoba 2009 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha malalamiko ya baadhi ya waliofanya naye kazi, na tangu hapo hilo ni fimbo ya wapinzani: mwongozaji gani haguswi na vumbi la seti? Mimi nasema usimhukumu kwa umbali. Kwenye stopumosheni, mwongozaji hata akiwa chumbani hashiki kikaragosi. Shoti moja inamchukua mhuishaji mmoja siku kadhaa nyuma ya pazia jeusi, na mwongozaji anakuja kutoa ruhusa na kuondoka. Swali la haki ni lini alibadilisha mawazo. Pozi ya 40 ikishapigwa, hakuna kurudi kuhariri pozi ya 12. Unarudia yote, na jana yake mpira wa latex wa kiwiko ulikuwa haujapasuka. Latex ya povu inakauka na kuchanika pale pale kiungo kinapokunjwa, kwapani, gotini, nyuma ya shingo. Chini yake kuna mifupa ya chuma yenye boljointi, kama za gari ila ndogo, na ukirudia shoti mara tatu boljointi zinalegea, mkono unaanza kushuka wenyewe kati ya picha na picha. Waliolalamika walikuwa na sababu, na mimi naelewa ni zipi.

Wasomaji wa Dahl sitawachelewesha. Kitabu cha 1970 ni chembamba: mbweha, mkewe, watoto wanne, wakulima watatu, shimo. Filamu imeleta mtoto mmoja mwenye wivu, binamu, ndoa inayoyumba, na mkulima Bean kuvaa ule mkia uliokatwa kama tai. Wanyama wanaongea Kimarekani na wakulima Kiingereza cha Uingereza. Waingereza wengi hawajasamehe hilo la mwisho. Mtu aliyekulia na kitabu ana haki ya kununa; asiyekijua hapotezi kitu.

Isle of Dogs ni mzigo mwingine. Ilifungua tamasha la Berlin Februari 2018, na Anderson akaondoka na tuzo ya Dubu wa Fedha kwa uongozaji. Kifundi inaizidi ile ya kwanza, hilo halina mjadala. Tazama utayarishaji wa sushi unaopigwa kutoka juu: mikono miwili, kisu, samaki, kaa, pweza, kila kipande kinakatwa na kupangwa, na wasabi yenye sumu inawekwa mwishoni. Hakuna neno linalosemwa. Ukiishia hapo, utasema filamu bora ya stopumosheni ya muongo wake.

Tatizo ni wanadamu. Mbwa walivikwa manyoya ya alpaka, na manyoya yao yanachemka kwa raha zote, hata wakiwa wamelala. Wanadamu walitengenezwa kwa njia ya nyuso za kubadilisha: sura moja inabanduliwa, nyingine inabandikwa, kwa kila herufi na kila hisia. Njia hii ina adui mmoja, nukta isiyorudi mahali pake. Tracy, yule msichana Mmarekani, ana madoadoa usoni, na yamepakwa kwa mkono kwenye kila uso wake. Doa likihama nusu milimita kati ya uso na uso, mashavu yanachemka, na kwenye ngozi laini chemka hiyo inaonekana kama ugonjwa. Kwa hiyo mafundi waliipiga vita, wakashinda. Nyuso zikatulia kabisa. Ukiziweka pembeni ya mbwa mwenye upepo mgongoni, watu ndio wanaoonekana midoli.

Halafu ongeza lugha. Hadithi iko Japani, katika mji wa kubuni wa Megasaki. Wajapani wanaongea Kijapani, bila maandishi ya tafsiri chini, isipokuwa pale mkalimani wa kwenye televisheni, aliyepewa sauti na Frances McDormand, anapotusaidia. Mbwa wanabweka Kiingereza. Justin Chang, mhakiki wa Los Angeles Times wakati huo, aliandika kwamba Wajapani wamefanywa wageni ndani ya mji wao, na ubishi ukawaka. Moeko Fujii akajibu katika The New Yorker kwamba anayejua Kijapani anapata filamu iliyo nono zaidi, na kwamba mchezo mzima ni juu ya tafsiri inavyokosea. Kunichi Nomura alishiriki kutunga hadithi na ndiye sauti ya Meya Kobayashi, wanaoitetea hukumbusha hilo kila mara.

Nani kati yetu hajui mkalimani wa filamu? Aliyekaa kwenye kibanda cha video akimsikiliza Lufufu, au DJ Afro kule Kenya, au VJ Jingo wa Uganda, anajua kwamba mkalimani haleti maneno tu, analeta filamu yake juu ya filamu ya watu. Anacheka kabla yako, anampa jambazi jina la mtaani kwenu. McDormand anafanya hivyo hivyo kidogo, anapandwa na jazba katikati ya hotuba, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote za wanadamu mle. Kwa hilo nasimama na Fujii.

Ila simuungi mkono mpaka mwisho. Mtazamaji asiyejua Kijapani anabaki na mwanadamu mmoja tu wa kumfuata moja kwa moja, Tracy, na kwa kuwa ndiye anayeeleweka, hadithi ikamkabidhi uongozi wa maandamano ya kuwatetea mbwa. Kuna mahali anamshika mwanasayansi Mjapani aliyevunjika moyo na kumtikisa ili azinduke. Mwanasayansi huyo hana manyoya, hana maandishi ya tafsiri, na uso wake umetulia kama bakuli. Hapo hata kama nia ilikuwa njema, mbinu zote tatu zimemwangukia mtu mmoja. Wengi wanaligawa hili mara mbili, siasa huku na ufundi kule. Mimi naona Chang alikiona kitu ambacho mafundi wenyewe wangekieleza kwa habari ya nyuso: waliopewa kupumua ni mbwa peke yao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na ipi, namwambia mbweha, halafu namuuliza anaitazamia kwenye nini. Faili la MB 350 lililowekwa kwenye flashi pale kwa muuza muvi halifai kwa filamu hii hata kidogo. Kubana video ni kutafuta kilichofanana kati ya fremu na fremu na kutokihifadhi mara mbili. Ukuta hauna neno, lakini manyoya yanayochemka hayafanani na yale ya fremu iliyopita, na mashine ikikosa nafasi inayakoroga yawe viraka vya rangi. Mtu anaona uji wa rangi ya chungwa, anasema Anderson kazi mbovu. Tafuta nakala kubwa au DVD.

Na televisheni. Nyingi za sasa zinatoka dukani zikiwa zimewashwa kitu cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu za katikati ambazo hakuna aliyezipiga. LG wanakiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus, au Picture Clarity kwenye zile mpya. Kwenye mpira kinasaidia. Kwenye mbilimbili kinakuta pozi mbili zilizoachana, kinajaribu kuziunganisha, na ncha za masikio ya Mr. Fox zinayeyuka kila akigeuka. Ingia kwenye mipangilio ya picha, kizime, rudi kwenye ile meza ya kifungua kinywa, uangalie shingo.